Mwita Majina wa Kisimani Msalato

Jumatatu, 7 Oktoba 1912

Leo nimekuwa mtu wa Serikali! Naandika nione inavyokaa: Loisi, mke wa Yotham, msimamizi wa maji, Msalato. Inapendeza. Naandika tena: msimamizi wa maji.

Ilivyokuwa ni hivi. Visima vya mchangani vilivyobaki na maji korongoni kwetu ni vitatu tu, na watu walikuwa wanapigania kata. Boma la Dodoma likamleta askari Yahaya atulinde. Yahaya ni mtu wa pwani, hajawahi kuchunga hata mbuzi. Jumamosi wanawake walipokuwa wakisukumana, akatoa filimbi yake ya kiaskari akapuliza kwa nguvu, eti watu wanyamaze. Masikini ya Mungu! Ng'ombe wa Ugogo huitwa majini kwa mluzi. Makundi yote yaliyokuwa yakingoja juu yalishuka kwa mpigo mmoja, mikia juu, vumbi tupu. Mitungi ikavunjika. Kisima cha watu kikaporomoka nusu. Wanawake wakamwangukia Yahaya kwa vibuyu na kata, na mimi nilikuwemo, sikatai. Kofia yake tumemrudishia leo.

Leo basi akida Seleman amekuja mwenyewe juu ya punda wake. Akauliza nani hapa anajua Kiswahili cha kueleweka. Wote wakanisukuma mbele. Nimesoma shule ya misheni Mvumi, nani asiyejua? Akida akaniuliza kama nilimpiga askari wa Serikali. Nikajibu, ndiyo bwana akida, lakini kwa kata, si kwa mtungi. Akacheka mpaka punda akashtuka. Kisha akasema kazi ile ni yangu tangu sasa, na Yahaya atanisaidia.

Yahaya atanisaidia mimi! Yotham akirudi kutoka kazini kwake Gulwe hatasadiki.

Jumanne, 8 Oktoba

Siku ya kwanza. Sauti imenikauka, lakini kazi imekwenda.

Amri ya Boma nimewasomea kwa Kiswahili, halafu nikawaambia kwa Kigogo ili asiwepo wa kusema hakusikia. Kisima cha juu ni cha watu, asubuhi tu. Viwili vya chini ni vya ng'ombe, kuanzia adhuhuri, kila mji, yaani kila mzee na nyumba zake na ng'ombe wake, kwa zamu yake. Alasiri vyote vinafunikwa kwa miiba. Kufua nguo korongoni, hapana. Kuchimba kisima kipya bila ruhusa, hapana. Na pombe marufuku mpaka mvua inyeshe.

Hapo kwenye pombe wanaume waliguna mno! Mmoja akasema heri kufa kwa kiu. Nikamwambia basi zamu yako nimpe nani? Wanawake walicheka, Raheli kuliko wote — rafiki yangu tangu Mvumi, akicheka huwezi kubaki umenuna.

Wazee wanasema mwanamke hawezi kusimama mbele ya makundi. Nimesimama. Ng'ombe wamekunywa, mji kwa mji, na hakuna aliyepigwa kata kichwani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo zamu ya mji wetu. Kila mji nauita kwa jina la mwenye mji, lakini wa kwetu siwezi. Nimesema tu, "Wa nyumbani kwetu!" Watu wote wakaelewa, wakatabasamu. Mke gani ataropoka jina la baba mkwe wake?

Tangu niolewe, miaka tisa, jina la Mkwe halijatoka mdomoni mwangu. Hata hapa siandiki. Wanangu wanamwita Babu, raha yao. Mimi nikikutana naye njiani nashuka pembeni na kumgeuzia mgongo mpaka apite. Naye hanisemeshi. Akitaka jambo humtuma wifi yangu Emilia, binti yake wa mwisho. Emilia asipokuwepo humwambia mbuzi. "Wewe mbuzi, moto wangu umezimika." Mimi najifanya sikusikia, kisha natuma moto. Tunaelewana vizuri sana hivyo. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema hajaona mkwe na mkamwana wasiogombana kama sisi. Tutagombana vipi?

Leo alikuja na ng'ombe wake kimya, akaangalia upande wa pili. Mimi nikaangalia mchanga. Lakini nilipomaliza kazi nikamsikia nyuma yangu akimwambia Emilia kuwa zamu zimepangwa vizuri, hajaona korongo lenye adabu namna hii tangu ujana wake.

Alisema kwa sauti kubwa kuliko anavyomsemesha Emilia siku zote. Nimefurahi mpaka nimesahau chumvi kwenye mboga.

Jumatano, 16 Oktoba

Wizi wa kwanza. Ndahani, mwenye ng'ombe wengi kupita wote! Amenywesha siku ya zamu yake, na leo tena kwenye zamu ya watu wengine. Mchana kweupe. Eti alidhani ni yake.

Yahaya akafurahi, akatoa kiboko. Amri ya Boma ni hiyo: mwizi wa maji, hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Nikamwambia ngoja. Akasema hakuna kungoja. Nikasimama kati yake na Ndahani. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani ni hasira tu.

Nikaenda mwenyewe kwa akida, mjini Dodoma. Akanipokea barazani kwake. Nikamwambia, bwana akida, nimeona mtu aliyechapwa kule Mvumi. Hakulala chali mpaka mavuno, na alipopona aliiba zaidi, tena kwa kisasi. Kiboko kinamfanya mtu aonekane mwonewa. Nipe mimi jina lake. Nitaliita mbele ya watu mara tatu kwa siku moja: asubuhi wanawake wakiteka, adhuhuri makundi yakishuka, alasiri tukifunika miiba. Fulani bin fulani amekunywa maji ya wenzake. Basi. Na zamu yake inayofuata anarukwa.

Akida aliniangalia kama mtoto anayeuza mchanga. "Jina, bibi Loisi? Jina linauma?"

Nikasema kwetu linauma.

Amenipa ruhusa kujaribu. Nimerudi kwa miguu na sikuhisi jua.

Alhamisi, 17 Oktoba

Limeuma!

Asubuhi nilipoita mara ya kwanza, wake zake Ndahani waliokuwa kisimani walijifunika nguo usoni. Adhuhuri wachungaji wa miji mingine walirudia jina kwa kuimba. Alasiri Ndahani mwenyewe alikuwa amekwenda kujificha kwa dada yake. Jioni akamtuma mtu aniulize kama anaweza kutoa fahali, jina lisiitwe tena. Nikamjibu limekwisha kuitwa, na fahali abaki naye.

Yahaya anasema angeona nafuu kuchapwa. Amekirudisha kiboko begani. Huyu mtu naanza kumzoea, anajifunza hata kupiga mluzi sawasawa.

Jumapili, 20 Oktoba

Hakuna aliyeiba tangu Ndahani. Kisima cha watu kina maji mpaka saa ya mwisho, vikongwe wanapata sawa na wasichana. Nimepita kila mji baada ya kanisa, watoto wana nyuso zilizonawa. Nyuso zilizonawa, Oktoba, mwaka kama huu!

Mwalimu Marko ameniombea kanisani kwa jina. Nilikaa wima. Najua kiburi ni dhambi. Nitatubu mvua ikinyesha.

Jumanne, 29 Oktoba

Siku mbaya.

Raheli. Wa kwangu mimi! Jana adhuhuri amekutwa anateka kisima cha ng'ombe, mitungi miwili, kwa ajili ya pombe ya ndugu yake. Alikuwa ameificha porini nyuma ya mkwaju, na uji wa pombe umeshaanza kuchachuka. Yahaya kanusa tu.

Alikuja nyumbani jana jioni, akaniomba. Hakukataa kosa. Aliomba jambo moja: jina lake liitwe na mtu mwingine. Na Yahaya, na Emilia, na yeyote. Si mimi. Alisema, "Kutoka kwa mtu mwingine ni aibu. Kutoka kwako ni kufa."

Nikamwambia msimamizi ndiye anayeita. Nikianza kuchagua nani nimwite na nani nisimwite, amri imekufa.

Leo nimemwita. Mara tatu. Ya tatu alikuwa amesimama pale pale, hakujifunika, ananitazama tu.

Nilifanya haki. Najua nilifanya haki. Ila nimerudi nyumbani nikalia ndani ya ghala ili Emilia asinisikie. Alinisikia.

Jumamosi, 2 Novemba

Bwana Shauri, Mjerumani mkubwa wa Boma, amepita leo akienda Hombolo, juu ya farasi, na akida nyuma yake. Alisimama ukingoni, akatazama wanawake wakiteka kwa mstari, hakuna kelele. Akauliza kiboko kiko wapi. Yahaya akasema, bwana, kinaliwa na mchwa.

Bwana Shauri akacheka, akasema neno kwa Kidachi, lugha ya kwao. Akida akanitafsiria baadaye: anataka amri hii ya majina ipelekwe miji mingine pia, mpaka Gulwe, ikiendelea kufanya kazi. Viboko vipunguzwe. Wenyewe wanaiita Amri ya Msalato.

Amri ya Msalato! Niliitunga mimi, Loisi, nikiwa na hasira, jua kali. Laiti mama angekuwa hai.

Raheli hakumtazama hata farasi.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua bado. Mawingu yanakuja asubuhi kutudanganya, yanaondoka.

Jana jioni wamefika ng'ombe kwetu kutoka Mvumi. Kundi zima! Ni ng'ombe wa Mkwe mwenyewe, aliowaweka kwa rafiki zake huko miaka mingi, kama wazee wetu wafanyavyo, ili ugonjwa au wezi wakija wasiwamalize wote mahali pamoja. Huko visima vimekauka kabisa, rafiki wamewarudisha. Wamekuja mbavu nje, ulimi nje. Ndama mmoja alianguka mlangoni mwa zizi.

Mji wetu sasa una ng'ombe mara mbili ya walioandikwa kwenye zamu. Nadhani Mkwe atamtuma Emilia kuniambia. Amri inaruhusu: mifugo wageni wakitangazwa kwa msimamizi, mji unaongezewa zamu. Nimeshafikiria pa kuwaweka, Jumamosi, baada ya zamu ya mji wa mkwajuni.

Emilia hajaniambia kitu. Labda kesho.

Ijumaa, 8 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Leo zamu ya chini ilikuwa ya mji wa mumewe Raheli. Bado ni asubuhi, nilikuwa juu na wanawake, nikasikia mluzi. Mluzi ule naujua, naamka nao kila siku. Nikageuka. Mkwe ameondoa miiba ya visima vyote viwili kwa mikono yake. Ng'ombe wake wote, wa zamani na wa Mvumi, vichwa ndani ya hori. Vijana wamo kisimani wanapandisha kata, yeye anaimba wimbo wa kunyweshea. Hakujificha. Hakuharakisha hata kidogo.

Wanawake wote wakageuka. Kata zikabaki hewani.

Yahaya alinitazama. Mimi nilitazama mchanga — hiyo ndiyo desturi, mchanga. Sikuweza kumwendea, sikuweza kumwita. Ng'ombe wakanywa mpaka mchanga ukaanza kuonekana chini, kisha Mkwe akafunika miiba vizuri, kuliko Yahaya anavyofunika, akaondoka na watu wake.

Ng'ombe wa kwao Raheli wamepata matope.

Jioni Raheli alinipitia nje ya nyumba. Maneno ya kwanza tangu siku ile. "Tutasikia," akasema. Basi, akaenda.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimemuuliza Emilia kwa nini Mkwe hakumtuma. Emilia analia. Anasema alikuwa kwa shangazi tangu Jumatatu mpaka jana, akimuuguza. Sikukumbuka! Nilikuwa najiona mtu wa Serikali, sikuona hata nani yumo nyumbani.

Mke hana, mwana yuko Gulwe, binti hayupo. Nani angenisemesha kwa niaba yake? Mimi ndiye mwenye zamu, na mimi ndiye mtu mmoja asiyeweza kumwendea. Alikaa siku mbili nzima akiwatazama ng'ombe wanalia.

Ila angemwambia mbuzi! Nilikuwepo! Nilikuwa nasonga ugali hatua chache kutoka kwake! Angesema, wewe mbuzi, ng'ombe wamezidi. Kwa moto anajua, kwa maji kiburi. Nina hasira naye, nampenda, na nina hasira naye.

Akida alikuja mchana. Ameshasikia, nani asiyesikia? Nikamweleza habari ya mkwe na mkamwana. Alisikiliza vizuri, yeye ni mtu mstaarabu. Akasema watu wa kwao pia wana heshima zao, haelewi yetu, lakini anaona inanitesa. Kisha akasema, "Bibi Loisi, mimi nitamwambia nini Bwana Shauri? Kwamba Amri ya Msalato inafanya kazi kwa kila mtu isipokuwa mzee wa nyumba ya msimamizi?"

Nikafunga upya nguo yangu kiunoni.

"Jumatatu," akasema. "Jina, au kiboko. Kwake, na kwa watakaofuata. Na huku na kule kwingine."

Hamsa ishirini. Mzee yule. Mgongo wake una mifupa kama ng'ombe wa Mvumi.

Nikaomba Emilia aite badala yangu. Akida hakukataa. Aliniuliza tu, taratibu, kama yule mwanamke wa pombe niliwahi kumruhusu jambo hilo.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani sikusikia hata zaburi. Baadaye Mwalimu Marko akaniita pembeni. Anasema mambo ya kutotaja jina la mkwe ni mila za zamani, Mungu amewapa watu majina waitwe, niite tu bila hofu. Nikamwambia, mwalimu, wewe umewahi kuwa mkamwana? Akasema hapana. Nikasema ndiyo maana ni rahisi.

Si hofu ya mzimu. Sijui namna ya kumwelezea. Ile heshima ndiyo nyumba yangu. Miaka tisa namgeuzia mgongo njiani, na kila mara nikigeuka ni kama namwambia: wewe ni baba wa nyumba hii. Nikilitamka, tena mbele ya watu, tena kwa wizi, nimesema kinyume chake. Mke anayetaja jina la mkwe kwetu hurudishwa kwao. Wengine hurudishwa na watoto, wengine bila.

Nilimpelekea Yotham habari Ijumaa kwa rafiki yake anayefanya kazi ya reli. Jibu limekuja leo, kwa mdomo wa yule yule: "Mwambie afanye lisilovunja nyumba." Asante mume wangu. Umenisaidia sana! Ungeongeza na salamu kwa mbuzi.

Nikiita, Mkwe amedharauliwa na mkamwana wake. Nisipoita, atavuliwa nguo na kuchapwa na Yahaya, na Ndahani atakuwa mbele akitazama, na Raheli atakuwa na haki ya kunitemea mate. Na maji. Nikisahau yote, nisisahau maji. Siku amri ikifa, wenye nguvu watakunywa, na vikongwe watalamba matope. Hilo nililiona Oktoba kwa macho yangu.

Jioni hii Mkwe amekaa nje ya nyumba yake, karibu na zizi. Emilia alikuwa amerudi, kwa hiyo amemwambia Emilia, si mbuzi. Nilikuwa ndani, mlango wazi. Alimuuliza kama ni kweli kuna kiboko. Emilia akasema ndiyo. Akauliza kama ni kweli jina au kiboko. Emilia akasema ndiyo. Kisha akauliza kesho watu huanza kuteka saa ngapi, na kama kigoda chake kimeshatengenezwa mguu.

Sielewi. Sijala.

Jumatatu, 11 Novemba

Naandika hapa hapa ukingoni, juu ya goti. Nisipoandika nitakimbia.

Asubuhi nilikuta watu wengi kuliko siku zote. Hata wasioteka walikuja na vibuyu vitupu kwa kisingizio. Ndahani alikuja na wake zake. Akida juu ya punda. Yahaya na kiboko chake, amekipangusa, hataki kunitazama. Raheli mbele kabisa.

Kisha wakapisha njia. Mkwe. Peke yake, bila ng'ombe, nguo yake ya heshima begani, Emilia nyuma amebeba kigoda. Ila Raheli, hakuna mwenye kuitwa aliyewahi kuja. Ndahani alijificha. Wake zake walijifunika. Yeye ametelemka korongoni taratibu, akaweka kigoda ng'ambo, mkabala na mahali ninaposimama siku zote, akaketi.

Nikataka kugeuka, miguu yenyewe ikaanza. Miaka tisa, miguu inajua. Nikaizuia.

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikasikia mtu mmoja anakohoa, mtoto analia, na punda wa akida. Nikafumba macho nikaita. Jina lote, lake na la baba yake. Amekunywa maji ya wenzake.

Nimeliita. Hapa siliandiki. Kuandika siwezi bado.

Wanawake waliweka mikono mdomoni, wote, hata wa Ndahani. Nilikuwa bado nimefumba macho nikasikia ng'ambo:

"Nipo!"

Hivyo. Kama mtu aliyeitwa kwenye shauri la wazee. "Nipo!"

Hakuna aliyewahi kuitika. Amri haisemi mtu aitike.

Nikafumbua macho, naye ananitazama. Hakugeuza uso. Mara ya kwanza naona macho yake, yana rangi ya asali kama ya Yotham, sikujua. Kisha akamgeukia Emilia, ingawa Emilia alikuwa kando yake na sauti ile ilikuwa ya kufika mpaka mlimani:

"Mwambie msimamizi, mara ya pili apaze sauti. Wa kule nyuma hawakusikia."

Kusema msimamizi! Mkwe! Mbele ya wote!

Sijui kama amenisamehe. Sijui kama leo jioni nitakuta mzigo wangu nje ya mlango. Inawezekana yote mawili, namjua, atanisifu na atanirudisha kwetu, kwa sababu desturi ni desturi na zamu ni zamu. Emilia alikuja kuninong'oneza kwamba asubuhi kabla ya kutoka baba yake alichagua mbuzi zizini na kumfunga kando. Wa kuchinjwa kunitakasa mimi, au wa kunisindikiza kwetu nikirudishwa? Emilia hajui. Hakuthubutu kuuliza.

Wanawake wamemaliza kuteka. Hakuna aliyeondoka. Raheli amekuja akachota kwenye mtungi wake, maji ya zamu yake mwenyewe, akaninyooshea kata bila neno. Nimekunywa. Akida ameshuka kwenye punda, amekaa chini mchangani kama mtu wa kawaida. Kiboko hakionekani tena, sijui Yahaya amekitupa wapi.

Naona fahari. Lazima niandike, ingawa ni jambo la ajabu kuandika leo. Naona fahari, na nimelia mbele ya watu wa Serikali.

Makundi yanaanza kushuka. Mji wetu leo unarukwa, ng'ombe wetu wanalia huko zizini, nawasikia kutoka hapa. Kivuli changu kimeingia chini ya miguu, saa ya kuita mara ya pili. Adhuhuri.

Mkwe amesimama. Ameelekeza uso huku, hageuki.

Basi nami sigeuki.